Uso Wangu Mbele ya Meza

Jumatatu, 7 Februari 1955
Kuchimba handaki kwa lazima tena, tangu alfajiri. Mashavu yanawaka, pua imeiva. Homugadi, mgambo wa serikali anayetusimamia, anasema nimeamkia pombe ya muratina. Sijawahi hata kuonja. Namchukia.

Jumatano, 9 Februari
Nimeruhusiwa kwenda zahanati, Mukurweini. Dresa Wekesa, anayetibu wagonjwa pale, Mluhya mpole, hakunicheka. Alikagua vipele, vimishipa vyekundu, macho yanayowasha. Akasema si pombe, si uchafu. Inaitwa rosasea. Haiambukizi. Haiponi kabisa, ila hutulizwa. Jua, moshi, uji wa moto, hasira: vyote huiamsha. Nikamuuliza hasira niiweke wapi mwaka huu. Akakohoa, akanipa marhamu ya salfa.

Ijumaa, 11 Februari
Uji nanywa umepoa. Mama anasema huo ni wa mbwa. Nakaa mlangoni, mbali na moshi. Leso hadi kwenye nyusi. Sabuni ya kufulia haigusi uso tena, maji matupu tu. Wekundu umepungua. Nimefurahi kama mjinga.
Jumatatu tunachujwa mbele ya bwana shauri, Mzungu wa wilaya. Wanatafuta waliokula kiapo cha Mau Mau. Jirani yetu Nyawira alichukuliwa mwezi jana, na wanawe watatu tunaishi nao. Nikipelekwa kizuizini mama hatawaweza. Naogopa.

Jumatatu, 14 Februari
Nilikosea. Niliwahi ili waone sina hofu. Sisi tuliowahi tukasimamishwa juani hadi saa sita. Mbele ya meza nikaamriwa kuvua leso. Joto likapanda kutoka shingoni, nikajua nimekwisha.
Homugadi akasema, "Bwana, angalia hiyo uso, nyekundu kwa uoga. Huyu amekula kiapo."
Nikatengwa upande wa lori la kwenda kizuizini.
Wekesa alikuwa pale akihudumia walioanguka kwa jua. Hakuna aliyemwita. Alikuja mwenyewe, kofia mkononi.
"Hiyo ni ugonjwa, bwana. Mimi ndio natibu yeye. Kama nadanganya, mimi pia niweke kwa lori."
Bwana shauri akaitisha pasi yangu. Kisha akaigonga muhuri wa kuniachilia.
Nilitembea hadi nyumbani.

Alhamisi, 17 Februari
Uso umetulia. Vipele viwili tu kidevuni.
Wekesa alipita na kopo jingine la marhamu. Mama akampa ndizi. Akaniuliza kama macho bado yanawasha, nikasema kidogo. Hakuuliza lingine.
Kiapo nilikula. Mwaka juzi, mimi na Nyawira, siku moja. Wekesa hajui. Nilimsindikiza hadi njia panda, nikasema asante.