Mguu wa Bi Mwanapili

Shaame, ulikuwepo wodini ukageuza uso.

Bi Mwanapili kawekewa goti jipya, kachomwa sindano ya ganzi, maumivu yakakatika. Akajiona kapona. Akainuka asali adhuhuri kwa kusimama, maana kwake yeye kusali kitandani ni uvivu. Mguu, kwa ganzi ile, haukumbeba. Kaanguka, mshono umefumuka; hapo ndipo ulipogeuza uso.

Muuguzi anamuuliza: "Bi mkubwa, nani kakwambia usimame?"

Naye palepale sakafuni: "Na nani kanambia nisisimame, mwanangu?"

Nani kamwambia? Hakuna. Tangu enzi zile za uhaba na foleni za mchele twatibiwa bila kuelezwa.

Sasa mamako, kitanda cha pili, kashachomwa sindano ile ile, na laasiri imekaribia. Rudi wodini umwambie asali kitandani. Sasa hivi, Shaame.