Hesabu za Zamani za Ami Yeslam

Kibokoni, Mombasa
Mwezi 7 Rajab, 1330

Mpendwa Shangazi Mwanakhamis,

Nakushika miguu, na baada ya salamu nakuuliza hali. Je, kifua kimekuachia? Mama alisikia kwa watu waliotoka huko Lamu kwamba umeanza kutembea, akashukuru sana. Sisi wazima. Eda ya Mama imekwisha, na juzi alijifukiza udi kwa mara ya kwanza tangu Baba atutoke.

Nami nimehitimu chuo cha Mwalimu Saadia. Siku hiyo ndugu yako, Ami Yeslam, alikuja kunipima hesabu. Akauliza: mtu amekufa, ameacha mke, mwana wa kiume mmoja na binti mmoja; kila mmoja apate nini? Nikachukua ubao nitafute mafungu kama nilivyofundishwa: mke sehemu moja ya nane, kisha mwana wa kiume apate mara mbili ya binti. Sijamaliza, akacheka mpaka maji ya tambuu yakamchuruzika kidevuni.

"Watoto wa siku hizi mwahesabu kama kuku adonoaye!" akasema. "Sisi tulijibu papo hapo. Mafungu ishirini na manne: mke matatu, mwana kumi na manne, binti saba!"

Jibu lilikuwa sawa. Nikaona haya, nikaamini kwamba zamani walifundishwa kweli.

Alhamisi iliyopita akaja kugawa minazi ya Baba ya ng'ambo ya Likoni, tisini na sita. Wanaume walikaa ukumbini, sisi nyuma ya pazia. Akasoma kwa sauti ile ile: Mama kumi na miwili, kaka yangu Akil hamsini na sita, binti ishirini na minane. Kisha akaongeza, "Badria na Mona wagawane hiyo."

Lakini tuko mabinti wawili, Shangazi! Jibu la binti mmoja ametuvika wawili. Mafungu yetu ni thelathini na mawili: Mama manne, Akil kumi na manne, kila binti saba. Basi minazi ya Mama ni ile ile kumi na miwili, Akil apate arubaini na miwili, mimi na Mona ishirini na mmoja kila mtu. Yeye ametupa kumi na minne kila mtu.

Nana, mamake Mama, alikuwa ubavuni kwangu. Nikamnong'oneza, "Nana, na mabinti wakiwa wawili?"

"Sisi maiti wetu wa chuoni alikuwa na binti mmoja tu, mwanangu," akanijibu.

Basi hawakuwa wakihesabu, Shangazi. Walikuwa wakiimba. Na kwa wimbo huo wanatucheka miaka yote hii! Nimekirihika.

Akil alipokuja kuchukua kahawa, nilimwonyesha hesabu yangu ubaoni. Akautazama sana, akaelewa, nikamwona ameelewa. Akasema, "Wacha, usimtie Ami aibu mbele za watu." Akabeba kahawa akaenda zake. Hilo limenichukiza kuliko kosa lenyewe.

Ami akauliza kama ilivyo desturi, "Mmeridhika?" Mama akasema ameridhika. Mona naye akamfuata. Mimi nikasema, "Mimi sikuridhika."

Ami akauliza, "Nani huyo?" Hakuijua sauti yangu.

Sasa mgao umesimama. Mama hanisemeshi ila kwa kazi. Ami anasema habishani mirathi na kijana wa kike. Kama kuna neno, atalisikia kwa mkubwa wake. Na mkubwa wake aliyebaki ni wewe.

Tafadhali hesabu mwenyewe kwanza, usinikubalie kwa mapenzi. Ukiona nimekosa, niandikie, nami nitamwomba Ami radhi mbele ya wote waliokuwapo. Ukiona sikukosa, njoo.

Nisalimie Aidarus na Jamaldin, na Mwanakuu umbusu mashavu yote mawili. Nana anakusalimu. Mungu akupe afya na akufungulie njia ya kheri.

Wako akupendaye na kukungoja,
Badria