Yule Mtoto Sikumwona

Jumanne jioni, Nchiru. Manyunyu tangu asubuhi na baridi ya kuuma vidole. Ila si baridi inayonifanya niandike. Naogopa.

Mimi ni karani hapa chuoni. Leo mchana Mutethia, mwanafunzi anayefanya utafiti wa jinsi macho yanavyovutwa huku na kule, alinibembeleza nijaribu miwani yake ya uhalisia pepe. Ukiivaa, chumba kinapotea na unajikuta barabarani juu ya pikipiki. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kuangalia barabara mpaka mwisho. Nilimcheka. Mimi huendesha pikipiki kila siku, nikimpeleka shule binti yangu Kendi, wa miaka sita, na kumrudisha.

Nilimaliza nikijipongeza.

"Madam, ule mtoto uliona?" akauliza.

"Mtoto gani?"

Akanionyesha rekodi. Kuna kitone cha kijani kinachofuata macho yangu. Mzee mmoja kando ya barabara anainua mkono, na kitone kinamkimbilia na kutulia pale. Wakati huohuo mtoto mwenye sweta ya njano anaingia barabarani. Nampitia juu. Kitone hakikumgusa hata mara moja.

Mutethia akasema eti pale kitini nilikuwa nimeinua mkono, namrudishia yule mzee salamu. Wenzake walicheka. Nami nikacheka.

Huku kwetu humpiti mtu aliyekuinulia mkono. Utasemwa sokoni, utasemwa na kanisani. Kutoka shuleni mpaka nyumbani nasalimia watu kumi, kumi na watano, na hilo nilikuwa najivunia. Mwezi jana Kendi aliniuliza, "Mami, ile mbuzi umeiona?" Nikamjibu ndiyo. Sikuwa nimeona mbuzi yeyote.

Ni mangapi mengine nimeyapita?

Saa kumi, nilipomchukua Kendi, niliapa kukaza macho mbele. Tulipofika kwenye kibanda cha Mama Makena, jirani yetu, nikamsikia akiita, "Mama Kendi, kwani leo umetukasirikia?" Sikugeuka. Shingo iliuma kwa kujizuia.

Ndipo nikahisi mkono mmoja wa Kendi ukiachia koti langu. Halafu wa pili.

Sijui nilisimamishaje pikipiki kwenye yale matope. Kendi alikuwa amegeuka nyuma kabisa, anampungia Mama Makena kwa mikono yote miwili, anatabasamu.

"Mami, wewe hukusalimia," akasema. "Nikasalimia mimi."

Tulisukuma pikipiki mpaka nyumbani. Amekula, anacheza na mdoli wake hapa karibu, na kila dakika nainua macho kumtazama. Kesho tutaenda shule kwa miguu, na tutasalimia kila mtu.

Keshokutwa sijui. Hiyo tabia nimemfundisha mimi.