Taa Zote Zinawaka

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na kile kikohozi chako kiwe kimeshakuacha, maana Mama bado anakisimulia kwa majirani kana kwamba yeye ndiye anayekohoa. Mama hajambo. Mimi sijambo, na chuo hakijanifukuza, ingawa mlezi wa wanafunzi ameniambia kwamba anaomba nihitimu upesi kuliko hata wazazi wangu wanavyoomba. Baba naye, ukimuuliza, anasema hajambo. Nakusihi uyashike maneno hayo, "ukimuuliza, anasema", kwa kuwa ndiyo yaliyonikalisha chini niandike.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Kati ya chumba changu na sebule pana pazia tu, na mimi tangu utotoni sikujaliwa kunong'ona. Ninyi wenyewe ndio mlionibatiza jina la Kipaza. Zipo habari zisizofaa kusemwa kwa sauti kama yangu.

Runinga uliyomnunulia Baba iliharibika. Ilizima muda mfupi tu baada ya dhamana yake kwisha, kana kwamba ilimezeshwa kalenda ikiwa kiwandani. Sikukuarifu siku ile kwa sababu Baba alinikataza. Alisema umeshajinyima vya kutosha, na kwamba aliyekuchimbia kisima humwiti kila ndoo inapovuja.

Unajua runinga ile ilikuwa nini kwake. Ulipoileta, na ukubwa wake kutulazimu kuhamisha kabati la vyombo, ulisema umeichagua makusudi ili Baba auone mstari wa pembeni kama alivyouona enzi zake. Siku za kazi alikuwa karani wa ghala, mtu wa kuhesabu magunia, asiyesalimiwa na yeyote. Lakini Jumamosi alikuwa mshika kibendera kwenye mechi za mpira, na uwanja mzima ulisubiri mkono wake. Kile kitambaa cha manjano anachokaa nacho gotini hadi leo tulikicheka sana, lakini mara ngapi alikiinua kuonyesha mchezaji ameotea kabla hata ya mwenzake wa kwenye kioo kuinua chake? Nawe unaikumbuka kanuni yake, aliyoirudia hadi tukaichoka: mshika kibendera hasemi "sikuona". Ama ameona na mkono uko juu, ama mkono uko chini. Neno la tatu halipo.

Siku picha ilipozima, mechi ilikuwa inaendelea. Sauti ilibaki, mtangazaji akabaki anapiga kelele gizani. Mama anasema alitoka jikoni akamkuta Baba ameketi wima, macho kwenye kioo cheusi, kitambaa gotini, hajaita mtu wala hajagusa rimoti. Mama akamuuliza kwa ukali mbona tivii imezima naye amekaa kama picha ya ukutani. Baba akashtuka, kisha akaanza kucheka, akacheka hadi machozi yakamtoka, na Mama akamwambia kwamba uzee umeingia bila hodi. Aliponisimulia, nami nilicheka. Leo sicheki.

Kuanzia siku hiyo Baba akawa mpinzani mkubwa wa matengenezo. Alisema tuachane nayo. Alisema redio inamtosha, na kwamba dhamana ikiisha imeisha, asiye na karatasi hana kesi. Mimi nilipandwa na hasira, Kaka. Nilimweleza kwamba huo ndio unyenyekevu unaowanenepesha wenye maduka. Kwamba mnyonge akishajifunza kusema "basi", mwenye nguvu hahitaji tena kumwambia "toka". Baba alinisikiliza hadi mwisho, akasema hotuba ni nzuri, lakini hapa ndani hakuna mpiga kura.

Nikaenda dukani. Mama alinifuata, alisema ni kwa ajili ya kunilinda, nami nadhani ni kwa ajili ya kuwalinda wenye duka. Muuzaji alinitazama kama mtu aliyeleta maiti hospitali, akasema waranti imepita, na kwamba hata maziwa yana tarehe. Nikamuuliza kama anauza maziwa. Nikamwambia, na waliokuwa kwenye foleni nao wakageuka kusikiliza, kwamba kitu cha bei kubwa huuzwa kwa ahadi kubwa. Kwamba dhamana ni ahadi ya muuzaji lakini haki ya mnunuzi haiishi siku karatasi inapoisha. Kwamba kama wao wenyewe waliamini runinga ile ina umri wa mwaka mmoja, wangeyaandika hayo kwenye boksi kwa herufi kubwa kama walivyoandika sifa zake. Mzee mmoja akasema, "Sema, mwanangu!" Mama alikuwa ameshanishika upindo wa blauzi, ananikumbusha kwa meno yaliyobanwa kwamba pale si mkutanoni.

Meneja akatoka, mtu mpole mwenye tai fupi. Hakukubali kutupa mpya, na sitakudanganya kwamba nilimwangusha. Lakini aliomba tuzungumze ofisini, akauliza lini ilianza kufifia, nikasema haikufifia, ilizima. Akaandika kwa kampuni. Majibu yakaja kwamba watamtuma fundi wao nyumbani bila malipo, sisi tugharamie kifaa tu. Nilirudi nimetuna kama jogoo. Nilimtangazia Baba ushindi nikiwa bado mlangoni. Akasema hongera. Kisha akaomba maji, na alipopokea bilauri mkono wake uliipita, ukarudi, ndipo ukaikuta. Niliona, Kaka. Niliona nikaendelea kuongea.

Fundi alikuja Jumamosi mchana, kijana mnene wa maneno mengi ambaye Mama alimpa jina la Bisibisi kabla hajamaliza kuvua viatu. Alitandika blanketi mezani, akailaza runinga kifudifudi, akawa anaifungua huku akimtania Mama kwamba wagonjwa wake wana bahati, wanapasuliwa bila kufunga kula. Alisema kioo ni kizima. Zilizokufa ni taa zinazokaa nyuma ya kioo, ukanda kwa ukanda, na alieleza kwamba taa hizo hazifi kwa mpigo. Huanza moja, kisha jirani yake, na picha huendelea kuwa hafifu kwa miezi mingi hadi siku zitakapozima zote.

Mama alimwomba arudie. Akarudia. Mama akakaa kwenye mkono wa kiti, akasema, "Kumbe!" Halafu akaenda jikoni akarudi na miwani, ile ya kuuzwa barabarani, aliyokuwa ameificha ndani ya kopo la unga. Alikuwa ameona picha inafifia, akadhani ni macho yake yanayozeeka, naye hakutaka Baba ajue kwamba ameoa kipofu. Tulicheka sote. Bisibisi alisema miwani ile ingefaa kuvalishwa tivii. Nami nikamgeukia Baba kwa shangwe, kwa sababu sasa kila kitu kilikuwa kimepata maelezo: kitambaa chake kilichokuwa kimeanza kuchelewa, kikawa kinasubiri mtangazaji aseme kwanza, mwimo wa mlango uliomchubua paji la uso, hata bilauri. Nikamwambia, "Unaona, Baba? Ni taa tu!" Akaitikia kwa kichwa. Akasema, "Naam. Ni taa."

Bisibisi akafunga kanda mpya, akainua runinga, akaiwasha. Kaka, ule mwanga! Nyasi zilikuwa kijani hadi ukutani. Mama alipiga kigelegele akasema hata namba za jezi zinaonekana. Mechi ilikuwa imeshaanza, na Bisibisi, ambaye hakuwa na haraka ya kwenda popote, akaomba akae kidogo. Baba alikuwa kitini kwake, kitambaa gotini, mgongo wima.

Mshambuliaji mmoja akapokea mpira pembeni kushoto, nyuma kabisa ya mabeki, ameotea kiasi ambacho hata Mama alipaza sauti. Kitambaa hakikusogea. Mtangazaji akasema kibendera kimeinuka, ndipo Baba akainua chake, haraka haraka, kama mwanafunzi anayeitika jina lake likiwa limeshapitwa. Likaja shambulio jingine, upande ule ule, naye akainua mapema, lakini safari hii hakuna aliyeotea; mpira ulikuwa umerushwa kwa mikono kutoka nje, na hapo hakuna kuotea.

Baba akakikunja kitambaa mara nne, taratibu. Akamgeukia fundi, kwa adabu ile anayowapa watu wa kazi, akamuuliza kama huenda pembeni kumesalia taa moja mbili ambazo hazijashika, maana yeye anaona katikati tu. Bisibisi akaitazama runinga. Akamtazama Baba. Mtu yule ambaye hakuwa amefunga mdomo tangu aingie alishusha sauti, akasema, "Mzee wangu, taa zote zinawaka."

Alipoondoka, Mama alikwenda uani akaanza kufua nguo zilizokuwa safi. Mimi nilibaki. Baba ndiye aliyesema. Alisema pembeni kulianza kupotea zamani, kabla ya picha kufifia. Watu barabarani walianza kumtokea ghafla kama waliodondoka. Picha nayo ilipoanza kuingia giza, aliamini ni giza lile lile linakwenda katikati, akakaa kimya akilisubiri. Siku ilipozima kabisa, alidhani ndiyo siku yenyewe. Ndiyo maana hakuita mtu. Alisema aliogopa hata kugeuza shingo, asije akaukuta ukuta nao haupo. Kisha Mama akaingia akamfokea kuhusu tivii, na katika ndoa yao yote, alisema, hajapata kusikia lawama tamu kama ile.

Tangu hapo kila kosa alilitwika runinga. Alijua mwimo wa mlango hauna uhusiano na taa za nyuma ya kioo, alijua vizuri, lakini ilimradi runinga imekufa, hapakuwa na wa kumthibitishia vinginevyo. Ilipopona, haikubaki na pa kuitupia lawama. Nilimuuliza, Kaka, na nilimuuliza kwa sauti ndogo, kwa nini hakutuambia. Akanijibu kwamba mshika kibendera hasemi "sikuona".

Nimempeleka kwa daktari wa macho. Hakukataa. Daktari anasema ni presha ya macho, ugonjwa usiouma, unaokula pembeni kwanza na kuja katikati polepole. Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone kila siku, bila kuruka, na Mama ameshakuwa askari wa matone hayo. Daktari aliuliza kwa nini amechelewa hivi. Baba akatazama mikono yake. Ningeweza kumjibu daktari kwa niaba yake, na ningesema vizuri. Ningemweleza habari za nchi inayomfundisha mwanamume kwamba heshima yake ni macho yake, na mzee kwamba maradhi yake ni mzigo kwa watoto wake. Niliyanyamazia yote. Mbele yangu alikuwa mtu mmoja anayeogopa giza, wala hakuhitaji mkutano wa hadhara.

Siku hizi mechi zikija nakaa kushoto kwake, na dawati langu la vitabu linanisubiri. Ananitaka nimwambie yuko wapi beki wa mwisho, basi. Nikianza kulaani refa ananinyamazisha. Juzi wachezaji walipita kwa kasi, Baba akaniuliza kama yule alikuwa ameotea, nami nikababaika, nikasema, "Baba, sikuona." Nilisubiri anigombeze. Badala yake aliniwekea kitambaa chake mkononi, akasema, "Basi sema hivyo hivyo. Mimi neno hilo lilinishinda umri wangu wote."

Mama anakusalimu sana, anasema miwani ya kwenye kopo la unga ameihifadhi, hujui mbele. Bisibisi naye hupita kumjulia hali Baba, hujifanya amekuja kukagua taa. Baba mwenyewe anakusalimu. Nilimwambia nakuandikia, nikangoja anikataze kama mwanzo. Badala yake aliniuliza kama karatasi inatosha. Anasema runinga ni nzuri, hukununua kibovu, na kwamba nikuandikie kwa maneno yake mwenyewe kwamba haoni.

Kwa hiyo njoo, Kaka. Usinunue kitu, usilete kitu. Na ukiingia sebuleni usikae pembeni kwenye kile kiti chako karibu na dirisha. Kaa mbele yake kabisa, pale runinga ilipo, katikati. Hapo bado anaona vizuri.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukungoja,

Kipaza