Kigari cha Vedastus

Rau, Moshi
Jumatano

Mama yangu mpendwa,

Jana kwenye simu nilikukatiza ulipoanza habari za Baba na jirani Wenseslaus. Simu yenu husikika nyumba nzima, na haya nataka uyasome peke yako. Shikamoo, Mama. Goti limepoa? Baba anakunywa dawa ya kifua, au bado anaificha? Sisi ni wazima. Mimi nimenenepa kwa raha hadi pete inabana.

Uliniuliza mkweo Vedastus anashinda akifanya nini. Mama, anaunda vitu! Baba alisema siku ya posa kwamba mtoto wa kambi ya kiwanda cha sukari anayejenga mashua chini ya mlima labda anangoja theluji yote iyeyuke apate pa kuelea. Basi mwambie mashua imekwisha. Ina matumbo mawili membamba, yamelala sambamba na kuunganishwa kwa jukwaa la mbao, na hata ukirukaruka juu yake haipinduki. Ila watu sita huiinua kwa kuguna, na ukingo wa bwawa la Nyumba ya Mungu ni tope tupu. Kwa hiyo Vedastus akabuni kigari cha kuishushia majini. Alichomelea vyuma vya kitanda kibovu kule Pasua, akatengeneza na vitako viwili vya kulaza yale matumbo. Ili yasichubuke, nikamfundisha kusokota ngata za majani makavu ya mgomba, kama zile tunazobebea majani ya ng'ombe. Mikono ile, Mama! Mchana inashika chuma cha moto, jioni inanimenyea ndizi za mtori.

Jaribio la kwanza alifunga magurudumu ya baiskeli. Yakazama hadi katikati. Wavuvi wakamuuliza kama anaishusha mashua au anaipanda. Alicheka nao, lakini usiku hakula. Mwenyekiti wao, Filemon, alikuwa amemwambia kwamba akimwona mtu mmoja anaishusha peke yake, kikundi chao kitaagiza mashua tatu. Kilichohitajika ni matairi mapana.

Alipoyapata alikwenda bwawani alfajiri pamoja nami tu. Aliisukuma peke yake, taratibu, kama anayemtembeza mgonjwa. Kigari kikapita juu ya tope, kikaingia majini, na mashua ikajiinua yenyewe ikaelea. Nililia. Yeye alikaa kwenye tope akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeelea. Filemon na wenzake wakapanga kuja Jumamosi hii.

Sasa kaa chini, Mama. Matairi yale ni ya mkokoteni wa maziwa wa Baba. Niliyafungua mimi nilipokuja kuwasalimia, nikayafunika kwa mikungu ya ndizi uliyonipa. Nilitaka kuomba, nikaogopa Baba atacheka tena. Vedastus nikamwambia Baba ameyatoa kwa baraka zake, naye akaandika kwa rangi nyeupe ubavuni mwa kigari: Zawadi ya Baba Mkwe. Sikujua kwamba Baba amemtuhumu Wenseslaus kwa wizi wa matairi hayo, wala kwamba hawaamkiani hata kanisani kwenye msiba. Uliponidokeza hayo jana, ndipo nikakukatiza.

Nilimweleza Vedastus yote. Hakunigombeza, na hilo liliniumiza zaidi. Alichukua spana, akayafungua matairi, akayaosha, kisha akampigia Filemon kumwambia Jumamosi haitawezekana. Filemon hakuahidi kungoja. Nilimsihi ayatumie siku hiyo moja tu, ndipo tuyarudishe. Akaniambia, "Eliaichi, siwezi kuishusha mashua yangu kwa kitu kilichomvunjia mtu heshima." Leo mashua imekaa juu ya matofali, na mimi nampenda kuliko siku ya harusi.

Naomba usimwambie Baba; nitasema mwenyewe, mbele ya Wenseslaus. Tutaanzia kwake, nikiwa nimeshika jani la isale la upatanisho, nipige magoti niombe msamaha, ndipo tuje naye nyumbani kufunga matairi. Vedastus anasema atamwomba Baba matairi hayo mwenyewe, kwa mdomo wake. Akikataliwa, atatafuta mengine.

Msalimie Baba bila kumwambia sababu, na uwasalimie wote wa hapo nyumbani kihambani. Tutafika kabla mwezi huu haujaisha.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Eliaichi