Mama, Sifi Tena Jumamosi

Mama mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku Kanada. Miguu bado inavimba? Mvua zimeshaanza Kamina? Mimi ni mzima. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu zangu unazikataa, na mwandiko huu ulinifundisha wewe mwenyewe.

Ile video uliyoniona nikiuawa ilikuwa mchezo. Ninapofanya kazi kuna ngome ya zamani, na kila Jumamosi tunawaonyesha wageni vita ya kale: askari wa Waingereza wanapita msituni, wapiganaji wenyeji wa nchi hii wanawavamia. Mimi ni askari. Navaa koti jekundu la sufu kwenye joto, bunduki zinatoa moshi mtupu, kisha naanguka. Nilimtumia mdogo wangu Banza acheke. Sikujua simu yake inazunguka nyumba nzima. Niliposikia umekata nywele, na wamama wa kanisa wamekuja kukaa kilio, nililia na mimi.

Banza akaniambia, "Mama anasema, kama weye uko muzima, uache kwanza kufa. Njo pale atakuamini."

Nimechoka, Mama. Kufa kunachosha kuliko kubeba mifuko ya mahindi. Mbu wanakuuma usoni, na maiti hajikuni.

Anayeniua ni Daniel, ambaye babu zake ni wale wapiganaji. Tunataniana sana. Huniambia, "Sisi tunashinda kila Jumamosi, na Jumatatu ardhi bado ni ya wengine." Lakini yeye hakubali kuanguka hata siku moja. Nilipomweleza habari ya kilio chako hakucheka. Alisema watu wao wamezikwa kweli chini ya majani yale ninapoangukia, na mtu halali juu yao kwa mchezo.

Basi nikamwambia mkubwa wetu kwamba sianguki tena. Akasema askari asiyeanguka arudi jikoni alikotoka, kuosha vyombo. Nimerudi.

Msalimie Banza, na umwambie bado nina hasira naye kidogo. Msalimie shangazi Ngoie aliyeanzisha nyimbo za kilio. Wamama wa kanisa uwashukuru; wamenililia vizuri, na sasa waende nyumbani.

Ila mshahara wa jikoni ni mdogo, na tiketi ya kuja nyumbani Noeli ilikuwa itoke kwenye malipo ya kule kuanguka. Ulitaka mwanao awe hai, Mama. Yuko hai, lakini Noeli hii pia hutamwona.

Mwanao,
Ilunga