Mechi Iliyoahirishwa

Jumamosi, 3 Machi

Katoka tena. Nimeingia jikoni kuepua chai tu, kurudi — kiti kitupu, mlango wazi. Nimemkuta kulekule uwanjani. Uwanja gani, bohari. Malori yanarudi nyuma, na mzee wangu kapiga magoti katikati yao na kopo la chokaa, anachora boksi la penalti juu ya saruji. Mstari umenyooka, sisemi uongo. Miaka thelathini na moja alizitunza nyasi zile, mkono haujasahau. Kichwa ndicho kimesahau kwamba nyasi hazipo.

Mlinzi kaniambia kwa adabu, bibi, dereva hamwoni mtu aliyeinama. Siku moja nitakuletea habari mbaya.

Na wale mashabiki! Mababu wazima, wamekaa juu ya makreti nje ya uzio, wanatazama ukuta kama wanatazama mpira. Kila Jumamosi. Yule wanayemwita Filimbi akanisihi, shemeji, mwache kidogo, anatukumbusha goli la kaskazini lilipokuwa. Nikamwambia akakumbushwe na mkewe, paa lao linavuja.

Jumapili, 4 Machi

Binti yangu kaja. Anataka nimfungie baba yake mlango kwa kufuli. Nikamuuliza, baba yako mbuzi? Kanuna, kaondoka bila kumaliza chai. Na anune.

Jumamosi, 10 Machi

Nimepata dawa. Alipoanza kuvaa buti nikamwambia, vua, leo hakuna mechi. Imeahirishwa. Uwanja umejaa maji.

Kachungulia dirishani. Jua kali. Nikasema mvua ilinyesha usiku, wewe ulikuwa unakoroma. Kavua buti. Katulia kitini mpaka jioni. Ningejua uongo ni rahisi hivi, ningeanza zamani.

Jumanne, 13 Machi

Hajala tangu Jumamosi. Maji na chai, basi. Nilidhani tumbo. Nikamgombeza, nikamwambia mimi si mpishi wa kupikia nzi.

Leo asubuhi ndipo kafungua mdomo. Miaka yote, kasema, haijaahirishwa hata mechi moja kwa sababu ya uwanja wangu. Sikuzibua mitaro. Nisamehe, mke wangu, nimekutia aibu. Halafu kaniomba nimpelekee ujumbe mwenyekiti wa klabu, kwamba ataacha kazi mwenyewe, asimfukuze mbele ya wachezaji. Mwenyekiti yule tulimzika kitambo.

Kumbe. Mjinga ni mimi. Mtu anasahau jina la mwanawe wa kumzaa, lakini aibu niliyomvika mimi ameishikilia siku tatu.

Nikamwambia maji yamekauka. Kasema, unanifariji tu.

Alhamisi, 15 Machi

Kliniki. Suruali inamvuka, nimemfunga kwa kitambaa changu cha kichwani. Tabibu kasema asipokula mpaka Jumatatu watamlaza. Watu wa umri wake, kasema, wakilazwa kwa kutokula — hakumalizia. Ningependa amalizie. Sipendi mtu anayekata maneno.

Binti kaniambia njiani, mama, mwambie ukweli. Mwambie uwanja uliuzwa, ajue kosa si lake. Safari hii sikumgombeza.

Jumamosi, 17 Machi

Saa nne asubuhi. Nimemwambia.

Nimemkalisha mezani, nikamshika mikono yote miwili. Mzee, hakuna maji. Hakuna uwanja. Uliuzwa, mwaka wa sita huu, wakajenga bohari. Mitaro yako haikuziba hata siku moja.

Kanitazama sana. Kisha uso ukafunguka, nikauona ule wa zamani. Kaomba chakula. Kijiko cha kwanza, cha pili, mpaka cha tano. Nilimgeuzia mgongo nisije nikaonekana ninalia.

Halafu kijiko kikatua. Na sauti ile ya kufukuzia watu kwenye nyasi zake: "Nani alikubali?"

Nikasema wakubwa. Kasema, wakubwa hawana ubavu wa kuuza bila wanachama. Lazima ulifanyika mkutano. Nani walinyoosha mikono?

Nilikuwepo ukumbini. Nilikaa nyuma yake. Waliahidiwa uwanja mpya, nyasi bora, na yeye ndiye mtunzaji mkuu. Watu walisitasita, wakawa wanamtazama yeye. Mkono wa kwanza kwenda juu ulikuwa wake. Ndipo wengine wakafuata.

Nimemwambia asubiri, naandika. Anasubiri. Chakula kinapoa, kijiko hajakigusa tena. Kauliza mara ya pili. Anataka majina, kasema, nianze na wa kwanza.